Nomino za Kiingereza zisizo na wingi: ngeli zetu zinavyotuponza

Kabla sijatuma barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi kwa Kiingereza, nilimpa shangazi yangu, mwalimu mstaafu, aipitie. Aliirudisha ikiwa na maneno matatu yaliyozungushiwa wino mwekundu: "informations", "equipments" na "advices". Aliponiuliza nimeyatoa wapi nilikosa jibu, kwa kuwa nilikuwa nimeyasikia katika semina na vikao vingi, wala hakuna aliyeshtuka.

Baadaye nilitambua kwamba mawili kati ya hayo niliyatoa katika Kiswahili changu. Sisi husema taarifa zimefika, vifaa vimeharibika, mizigo imepotea, samani zimechakaa. Basi mkono huongeza "s" wenyewe. Mwingereza huvichukulia vitu hivyo kama unga: ni vingi au vichache, lakini havihesabiwi kimoja kimoja, na kitenzi chake hubaki cha umoja. Hata maji, maziwa na mafuta, ambayo kwetu "yamemwagika", kwake ni "the milk is", kamwe si "are". Ndugu zetu wa Lubumbashi na Bujumbura wana mtego wa ziada, kwani Kifaransa kinaruhusu "informations". Ama "advices", hiyo sina wa kumsingizia, maana ushauri hata kwetu hauna wingi.

Neno lililonisumbua kuliko yote ni nywele. Kwetu kuna unywele mmoja na nywele nyingi, kwa hiyo nilimwambia kinyozi mmoja mgeni kwamba nataka kupunguza "my hairs", naye akatabasamu. Nywele za kichwani kwa jumla ni "hair", na hufuatwa na "is". Lakini unywele mmoja ukionekana kwenye mchuzi huwa "a hair", na zikionekana mbili huwa "two hairs". Neno ni lile lile, ila safari hii mlaji anahesabu.

Upo pia mkanganyiko wa upande wa pili. Suruali moja na mkasi mmoja ni "trousers" na "scissors", navyo hudai "are" hata kama unacho kimoja tu, na ukitaka kuvihesabu husema "a pair of". "Police" halina "s" lakini hufuatwa na "are", ilhali "news" lina "s" na hufuatwa na "is", ingawa karne ya 16 Waingereza wenyewe waliandika "these news".

Ushauri wangu ni kuacha kukariri orodha. Hakuna mtoto wa Kiswahili aliyefundishwa jedwali la ngeli kabla ya kusema kiti kimevunjika. Alilisikia jina pamoja na kitenzi chake. Katika daftari lako, andika sentensi nzima: "The furniture is old", "The news is good", "My trousers are wet". Ukilazimika kuhesabu, tumia "a piece of advice" au "two pieces of furniture". Ukiwa na shaka, fungua kamusi ya wanafunzi wa Kiingereza, ambayo kwa kawaida huweka herufi C kwa nomino inayohesabika na U kwa isiyohesabika.

Neno moja huwa na herufi zote mbili, nalo hutokea karibu katika kila barua ya kazi: "experience". Likimaanisha uzoefu halina wingi. Ukiandika "experiences", mwajiri ataelewa kwamba unataka kumsimulia mambo yaliyokupata.