Suti ya Mwanamke Inaanzia Kwapani

Tangu suti zangu za kike zionyeshwe hapa Kampala mwezi uliopita na zote zikapata wenyewe, simu haipumziki. Dada mmoja wa Arua ameniandikia: "Nataka nami nishone mavazi yanayotetea wanawake. Nianzie wapi?"

Anzia kwapani, dada yangu. Wengi hudhani ufeministi ni maandishi kifuani mwa fulana. Mimi nauona kwenye mkato. Kwapa likikatwa chini sana, mwalimu akiinua mkono kuandika ubaoni koti zima linapanda naye. Lisogeze kwapa juu, karibu na mwili, mkono unakuwa huru. Kata kwanza kwa merikani, mvalishe mteja, mwambie ainue mikono, achuchumae, aketi kama yuko juu ya boda. Kitambaa kizuri cha Kiyembe, mtaa wa maduka ya vitambaa hapa Kampala, usikiguse kabla ya hapo.

Haya sikupewa bure. Kwenye karakana niliyoanzia, makoti yalikatwa na wanaume. Sisi wasichana kazi yetu vifungo na mapindo. Nikiomba mkasi naambiwa, "Koti si kazi ya mwanamke, wewe shona gomesi," lile vazi refu la kike la Uganda. Neno hilo linaniuma mpaka leo. Basi nikawa nanunua makoti makuukuu ya Owino, soko la mitumba la Kampala, nayafumua usiku mshono kwa mshono: bitana, kanvasi ya kifuani, pedi za mabega, hadi nikajua kila kipande kinakaa wapi na kwa nini.

Na hiyo gomesi waliyonitukania ndiyo iliyonipa mtindo. Mabega yake yaliyochongoka nimeyahamishia kwenye koti la sufu, mkanda wake mpana nikaufunga juu ya suruali. Wateja waliyagombania.

Mwaka 1966 mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent aliwavalisha wanawake suti ya usiku ya kiume huko Paris. Kwetu, mwaka 1972, Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi. Mwaka 2014 ikaja sheria dhidi ya ponografia, na wahuni wakaanza kuwavua wanawake nguo barabarani; Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake vikuu 2021. Anayemshonea mwanamke wa Uganda akumbuke hayo kila anaposhika chaki.

Kwa hiyo weka mifuko ya kweli, inayomeza simu, funguo na pesa, na mmoja wa ndani kama wa wanaume. Mfuko wa bandia ni dharau. Nimekataa kuushona hata mteja alipouomba.

Halafu bei. Atakuja mtu akuambie fundi mwanamume anatoza kidogo. Usishushe! Chukua nusu ya malipo kabla mkasi haujagusa kitambaa. Tumelelewa kuona haya kutaja thamani ya kazi zetu, tena mbele ya wanaume. Mimi bei zangu nimezibandika ukutani, karibu na cherehani, kwa herufi kubwa.