Msizime Majina Yakianza Kupanda

Ndugu mhariri, wiki iliyopita mliuliza: vidokezo vinavyofichwa ndani ya filamu za mashujaa vinanogesha au vinachosha? Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Mmesahau kwamba wengine filamu hizo tulizionea kibanda umiza, banda la video la mtaani, kwenye benchi, mtafsiri akiongea juu ya sauti za waigizaji.

Jibu la haraka: vinachosha. Ni biashara tu. Tangu Nick Fury, mkuu wa majasusi, ajitokeze baada ya majina ya watengenezaji kupanda mwishoni mwa Iron Man mwaka 2008 na kumgusia Tony Stark, Iron Man mwenyewe, habari za Avengers, kikosi cha mashujaa, filamu haziishi zikaisha. Umelipia wali nyama, unaambiwa nyama iko kwenye sufuria ya kesho.

Ila kuna jioni moja inanisuta.

Ni 2018, Mbagala, Jumapili. Black Panther imefika kibandani ikiwa na tafsiri. Killmonger, adui wa filamu, keshakufa, majina yanapanda, na mwenye kibanda kama kawaida yake kashika rimoti, maana kuna mechi na watu wameshajaa mlangoni. Mpwa wangu, wakati huo yuko darasa la sita, akapaza sauti: "Anko, usizime, bado!"

"Bado nini? Unataka kusoma majina ya Wazungu?"

Watu wakacheka. Dogo akatoa jero, hela yake ya shule ya kesho, akaiweka mezani. Mwenye kibanda akaitazama ile hela, akanitazama mimi, akaweka rimoti chini.

Akatokea T'Challa, Black Panther mwenyewe, anahutubia Umoja wa Mataifa. Mtafsiri kimya, kazi yake ilishaisha, hadi namba yake ya simu alishaitaja. Basi dogo akapanda juu ya benchi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, kwa hiyo maneno aliyaruka, akatueleza undugu wa matukio: hapo ni Vienna, mji uleule ambako babake T'Challa aliuawa kwa bomu kwenye Captain America ya 2016. Yakaja majina tena, marefu kweli, mlangoni watu wananung'unika. Mwishowe kijumba, watoto, na Mzungu wa mkono mmoja. "Huyu ndiye Bucky. Ndiye aliyesingiziwa lile bomu. Sasa anatibiwa kwao na marehemu!"

Mzee mmoja nyuma akasema, "Kumbe ni msiba uleule?"

Mimi nilikuwa nimeziona filamu zote mbili. Sikuunganisha.

Nikiandika hapa naona kinachonikera ni ada, kidokezo chenyewe hakina kosa. Kile cha Vienna ukikikosa, filamu yako inabaki nzima. Doctor Strange ya 2022 sivyo: uchungu wa Wanda, mchawi wa filamu hiyo, kuuelewa vizuri kunataka uwe umeona WandaVision, tamthilia ya 2021 iliyorushwa mtandaoni kwa kulipia. Hapo mnanitoza bando ili nielewe tiketi niliyokwisha kuilipia. Ingawa mpwa wangu anadai aliielewa bila kuiona hiyo tamthilia, na kwa mambo haya simbishii.

Basi niandikeni upande wa vinanogesha, mradi visiwe lazima, na mradi pembeni yako yupo wa kukufafanulia. Anayetazama peke yake kwenye simu, mwingine amjibie.

Ile jero nilimrudishia dogo njiani. Mwenye kibanda hakuirudisha.