Kopo la laki na nusu na mlenda wa mama mkwe

Jikoni kwangu hapa Ilazo, juu ya kabati la vyombo, kuna kopo jeupe la plastiki ambalo lebo yake niliibandua nusu, nusu nyingine ikagoma. Sasa hivi ndani yake kuna mlenda mkavu uliotwangwa, umetoka Mvumi kwa mama mkwe. Miaka mitatu iliyopita kopo hilohilo lilikuwa na unga wa sheki, kile kinywaji cha kupunguza mwili kinachonywewa badala ya mlo, wenye harufu ya vanila. Nililinunua laki moja na nusu. Nilinunua matano.

Kila baada ya muda mtu ananitumia ujumbe: "Dada, umepunguaje? Ulitumia nini?" Nikijibu kwamba nilirudi kula ugali wa uwele na mlenda, wengine hawarudi tena. Walitaka jina la kopo. Kwa hiyo leo naeleza kirefu, na mwenye haraka anisamehe.

Nilihamia Dodoma kikazi wakati serikali inahamia. Ofisi iko Mtumba, nyumbani mjini, siku nzima ni kukaa: kukaa kwenye basi, kukaa ofisini, kukaa kwenye kikao, kukaa kwenye basi tena. Asubuhi supu na chapati mbili. Saa nne chai na sambusa. Kikao kikija, na kwetu vikao haviishi, kuna soda na korosho mezani, na mkono unajiendea wenyewe. Jioni nimechoka, chipsi mayai. Nilifika kilo 89 na urefu wangu ni sentimita 162. Nyumbani kwetu hakuna aliyenisema, maana kwa wengi wetu mwanamke akinenepa wanasema ndoa imemkubali. Aliyenisema ni goti langu la kulia, kwenye ngazi za ofisi.

Dada mmoja wa idara ya jirani ndiye aliyeniingiza. Alikuwa amepungua kweli, nguo zinamkaa, na alikuwa mtu mwema, sikumwona kama tapeli na mpaka leo simwoni hivyo. Akaniunga kwenye kundi la simu, tukawa tunapima uzito kila Jumatatu na kutuma picha ya mizani. Sheki asubuhi, sheki mchana, chakula cha kawaida usiku. Kopo moja halikufika wiki mbili.

Na nilipungua! Tuseme ukweli. Wiki ya kwanza pekee zilitoka kilo tatu, nikajiona malkia. Hakuna aliyenieleza kwamba sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Mwili hutunza akiba ya sukari kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, na kila gramu yake hushikana na gramu kama tatu hivi za maji. Ukikata chakula ghafla, akiba inatumika, maji yanatoka, mizani inashuka. Ukila wali siku mbili, yanarudi. Mafuta ya mwilini hayana haraka hiyo.

Baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Bilauri moja ya sheki ikichanganywa na maziwa ni kama kalori 220. Mbili ni 440. Chakula cha usiku tuseme 600. Jumla inazidi elfu moja kidogo, kwa mwanamke wa kilo 89 ambaye mwili wake unatumia kama elfu mbili. Mtu gani hatapungua hapo? Ningekunywa uji wa dona bila sukari mara mbili kwa siku na kula mlo mmoja ningepungua vilevile, na laki saba na nusu ingebaki VIKOBA.

Shida ilikuwa saa kumi jioni. Sheki inashuka tumboni kama maji, dakika moja imekwisha, meno hayajafanya kazi. Kufika saa kumi nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta naona sambusa. Mikono inatetemeka, nimekuwa mkali kwa watoto, na choo kimegoma siku nne. Kwenye kundi wakaniambia dawa ya choo ipo: chai ya kusafisha tumbo, elfu thelathini na tano.

Hiyo chai ndiyo iliyonidhalilisha. Niliinywa usiku, asubuhi nikapanda basi la Mtumba. Tulipopita Ihumwa nilikuwa nimeshika siti ya mbele kwa mikono miwili. Sitaeleza zaidi, kwa ufupi nilishuka kabla ya kituo changu na siku hiyo sikufika ofisini. Nilipokuja kusoma pakiti kwa makini, kiungo cha kwanza kilikuwa senna. Waulize bibi wa pwani senna ni nini, watakwambia ni sanamaki, dawa ya kufungulia choo tangu enzi na enzi. Inatoa kinyesi na maji na chumvi za mwili, haitoi mafuta. Ukiinywa kila siku kwa wiki kadhaa utumbo unaizoea, na potasiamu ikishuka sana moyo unaweza kuanza kupiga ovyo. Mimi nililipia elfu thelathini na tano kuhara.

Wiki ya saba nikawa kilo 82. Kopo la mwisho likabaki robo na pesa ikaisha, ada za watoto zikaingia. Nikarudi kwenye chakula kilekile, maana hakuna kingine nilichokuwa nimejifunza. Ndani ya miezi sita nikawa kilo 91, mbili zaidi ya nilipoanzia. Yule dada naye alirudi, ila yeye alikuwa ameshahamia kwenye vidonge.

Vidonge vina hatari ya aina nyingine. Kuna dawa iliitwa sibutramini, ilikuwa inakata hamu ya kula. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa sababu iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Hata baada ya hapo imeendelea kukutwa imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza mwili zinazoandikwa "asilia asilimia mia". Kwa hiyo kidonge kikikufanya usisikie njaa kabisa, moyo unadunda na usingizi umekimbia, usiseme kinafanya kazi. Kipeleke kwa mfamasia akiangalie, na uliza kama kimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Nisije nikaonekana nazichukia sheki zote. Kule Uingereza kuna utafiti uliotolewa mwaka 2017, wagonjwa wa kisukari aina ya pili waliwekwa kwenye sheki na supu za unga tu, kalori kama 850 kwa siku, miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka mmoja karibu nusu yao kisukari kilikuwa kimetulia bila dawa. Siyo jambo dogo. Lakini walikuwa mikononi mwa wauguzi na wataalamu wa lishe, dawa zao zilisimamishwa kwa mpango, na zile sheki zilipoisha wakaongozwa wiki kwa wiki kurudishiwa chakula cha kawaida, kisha wakafuatiliwa. Kwetu ile sehemu ya kurudi kwenye sahani haiuzwi. Inauzwa sheki, na sheki ikiisha inauzwa sheki nyingine. Kama una kisukari au presha na unameza dawa, usianze mambo haya kwa ushauri wa kundi la simu. Sukari inaweza kushuka ghafla ukadondoka.

Sasa Mvumi. Tulikwenda msibani tukakaa siku tisa. Mama mkwe hana friji wala hajui kalori. Asubuhi uji wa uwele, mchana ugali wa uwele na mlenda, au kunde, au choroko, jioni vilevile. Siku ya kwanza nililalamika kimoyomoyo. Siku ya tatu nikagundua saa kumi imepita na sijafikiria sambusa. Ugali wa uwele usiokobolewa huwezi kula mwingi kama sembe, unakujaza mapema na unakaa. Na choo? Tuishie kusema sikuhitaji sanamaki.

Nilipomwonyesha lile kopo (nilibeba lililobaki robo, aibu) alilinusa, akatia kidole, akalamba. "Mnakunywa unga huu bila kuupika?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akatikisa kichwa, akaenda zake kuangalia kuku.

Baadaye nilisoma jambo lililonikumbusha siku zile. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwaweka watu 20 kituoni mwezi mzima. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida vya kupika, kila mtu akila mpaka atosheke. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa sukari, mafuta na nyuzinyuzi. Kwenye ile ya kiwandani nyuzinyuzi nyingi zilibidi zitiwe kwenye vinywaji. Bado watu walikula kama kalori 500 zaidi kila siku wakiwa kwenye chakula cha kiwandani, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye chakula cha kupika wakapungua kiasi hichohicho. Kwa hiyo hata ukitia nyuzinyuzi kwenye kinywaji, kinywaji hakigeuki kunde.

Mlenda wangu wa siku za kazi ni hivi. Vikombe viwili vya maji, nyanya moja iliyokatwa, chumvi. Pembeni nakoroga vijiko viwili vya karanga zilizosagwa na maji ya uvuguvugu mpaka zilainike, namimina sufuriani, naacha zichemke hadi povu litulie na harufu ya ubichi iishe. Hapo ndipo nanyunyiza mlenda kidogokidogo kwa mkono wa kushoto, wa kulia unakoroga kwa mwiko. Ukiutia wote kwa pamoja unapata madonge, na hakuna mtoto atakayeula. Dakika tano, epua. Karanga ni vijiko viwili kwa sufuria ya watu wanne, narudia, viwili. Gramu mia za karanga zinakaribia kalori 600, na chakula cha asili nacho kinanenepesha. Shangazi yangu mmoja alinenepa kwa asali na korosho akijua anakula afya.

Mengine ni madogo. Sukari nimeitoa kwenye chai, ilichukua wiki tatu ulimi kuzoea. Soda ya chupa ina gramu 35 na zaidi za sukari, na Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku, ikiwezekana 25, kwa hiyo kwenye vikao nashika maji. Mafuta ya alizeti tunayo mazuri, lakini kijiko cha chakula ni kalori 120, basi napima, simimini kutoka kwenye dumu. Nabeba hotpoti: kunde au perege wa Mtera, mboga ya kutosha, ugali wa ukubwa wa ngumi. Zabibu zikiingia sokoni nazila, juisi yake nimeiacha. Jioni natembea nusu saa, vumbi la Dodoma nalo lina siku zake.

Imechukua miezi 14 kutoka kilo 91 hadi 78. Kuna miezi mizani haikusogea kabisa, na Desemba ilipanda. Kwa vipimo vya hospitali bado uzito wangu umezidi, ila goti limenyamaza. Watu sasa wananiuliza kama naumwa au kama nyumbani kuna matatizo. Shemeji alimpigia mume wangu simu kuuliza kwa siri.

Wiki iliyopita yule dada wa idara ya jirani alikuja mezani kwangu saa saba, akaangalia hotpoti, akauliza kama mama mkwe anauza. Nilimpa mlenda wa kupika mara mbili, nikampimia kwa kile kijiko cha plastiki kilichokuja na kopo.