Re: Askari kanzu au matapeli, nitajuaje?

Salaam mkuu. Umeuliza ufanyeje ukisimamishwa usiku pale Mwanga, Kigoma, na watu wasio na sare wanaosema "sisi polisi, panda gari."

Yalinikuta mwaka jana nikitoka Ujiji na bodaboda. Walikuwa wawili, mmoja kashika pingu. Pingu si ushahidi! Anza na kitambulisho. Wa kwangu alikipitisha puani haraka akakirudisha mfukoni, nikamwambia kwa adabu, "Afande, sijasoma kitu." Nikauliza kosa langu, maana Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayekukamata akueleze. Halafu nikasema kituoni naenda, tena sasa hivi, ila kwa bodaboda yangu na wao wafuate nyuma, huku nampigia mwenyekiti wa mtaa. Kusikia mwenyekiti, wakaanza "basi tuyamalize hapa hapa." Nikawasha pikipiki, wala hawakunifuata.

Namba ya dharura ya polisi ni 112, bure. Usikimbie wala kusukumana nao, wakiwa askari kweli umejiongezea kesi. Na wangekuwa na bunduki, sidhani kama ningethubutu kuuliza hata jina.