Mwamba ngozi ni nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa darasa la sita amefundishwa methali "Mwamba ngozi huvutia kwake", akaniambia mwamba ni lile jiwe kubwa la baharini. Nilishindwa kumjibu. Jiwe litavutaje ngozi? Na je, ni sahihi kusema kiwanda kinawamba ngozi?

Jibu: Marahaba. Usimlaumu mtoto, maana maneno hayo mawili yanaandikwa na kutamkwa sawasawa. Mwamba wa methali ni mtu. Ametokana na kitenzi kuwamba, yaani kuvuta ngozi au kamba hadi ikaze juu ya uwazi. Ngoma huwambwa, na kitanda cha kamba huwambwa. Jina la mtenda likifuatwa na kitu kinachotendwa, mara nyingi Kiswahili huweka kiambishi cha mtu mbele na kuiacha -a ya mwisho palepale: mla nyama, mkata kuni, mvua samaki. Huyo mvua samaki naye hahusiani na mvua inayonyesha! Mpe mwanao kipimo cha wingi: jiwe ni mwamba, miamba, mtu ni mwamba ngozi, wawamba ngozi.

Kisha mwoneshe kazi yenyewe, methali itamkaa. Ngozi ya mbuzi iliyolowekwa na kuparwa manyoya hulazwa juu ya mdomo wa ngoma ikiwa bado mbichi, inateleza. Fundi hushika ukingo, huvuta kuelekea kifuani pake, hupigilia kijiti, huhamia upande wa pili. Hawezi kuwamba kwa kusukuma. Ndiyo maana methali inasemwa pale kila mtu anapotetea upande wake, awe kwenye mirathi au kwenye kikao cha kijiji.

Kuhusu kiwanda, hapana. Ngozi ya ngoma imekaushwa tu. Ikipata unyevu hulegea, ndiyo maana wapigaji huipasha moto kabla ya kupiga. Ngozi ya kiatu imepitia kazi nyingine kabisa: chumvi isioze, chokaa manyoya yatoke, halafu dawa ya tanini au ya madini ya kromi iingie ndani mpaka isioze tena hata ikilowa. Tanini hutoka kwenye maganda ya miti, kama mikandaa ya pwani na miwati ya Njombe. Kazi hiyo leo huitwa kusindika ngozi, nami naliunga mkono neno hilo, ingawa zamani lilihusu zaidi kukamua mafuta. Biblia ya Kiswahili inamwita Simoni wa Yafa "mtengenezaji wa ngozi", nalo ni sahihi.

Kuchuna, nako, ni kuitoa ngozi kwenye mnyama, kazi ya machinjioni. Kwa hiyo makubadhi yako yalichunwa kwa ng'ombe, yakasindikwa, yakashonwa. Kuwambwa kunahitaji uwazi wa kufunika, na makubadhi hayana.