Skima ya nis imezimwa kwenye ApacheDS? Iwashe, usiipakie upya

Unaongeza mtumiaji wa klasi ya posixAccount (akaunti ya mtindo wa Unix) kwenye ApacheDS, seva ya saraka ya LDAP, nayo inakataa: haiijui uidNumber, yaani sifa ya namba ya mtumiaji. Zote mbili zimo kwenye skima ya nis; skima ni seti ya maelezo ya klasi na sifa ambazo seva inazitambua. Wengi hukimbilia kutafuta faili la nis mtandaoni na kulipakia. Tafadhali usifanye hivyo. ApacheDS huja na skima hiyo tayari, ila imezimwa. Ukiipakia kwa jina lilelile utapata kosa namba 68, yaani ingizo lipo tayari. Ukiipa jina jingine ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu OID (namba za utambulisho wa klasi na sifa) zilezile zitagongana siku mtu atakapoiwasha ile ya asili.

Anza kwa kutazama hali ilivyo:

ldapsearch -x -H ldap://localhost:10389 -D uid=admin,ou=system -W -b ou=schema -s one "(objectClass=metaSchema)" m-disabled m-dependencies

Skima yenye m-disabled: TRUE imezimwa. Usiishie hapo, soma na m-dependencies: skima zote zilizotajwa humo lazima ziwe zimewashwa kwanza, la sivyo seva haitakubali. Kisha andika faili washa.ldif, la muundo wa LDIF (maandishi ya kueleza maingizo ya LDAP na mabadiliko yake):

dn: cn=nis,ou=schema
changetype: modify
replace: m-disabled
m-disabled: FALSE

Lipeleke kwa ldapmodify, ukitumia -x, -H, -D na -W zilezile pamoja na -f washa.ldif. Angalia mistari ianze pembeni kabisa. Katika LDIF, nafasi moja tu mwanzoni mwa mstari huufanya uwe mwendelezo wa mstari uliotangulia, na amri nzima huharibika.

Hakikisha kwa kusoma cn=schema, si ou=schema. Hizi mbili huchanganywa sana: ou=schema ni ghala lenye skima zote, zilizowashwa na zilizozimwa; cn=schema huonyesha zile tu ambazo seva inazitumia sasa. Ukiomba objectClasses humo, posixAccount ionekane.

Kuzima ni kurudisha TRUE, lakini tafuta kwanza (objectClass=posixAccount) kwenye data yako yote. Likipatikana hata ingizo moja, usizime. Skima nyingine inayoitegemea nis nayo izimwe kabla yake.

Na usihariri mafaili ya skima kwa mkono seva ikiwa inafanya kazi, maana inatumia kilichomo kwenye kumbukumbu yake.

Kama Apache Directory Studio (programu ya kutazama na kuhariri saraka) bado inalalamika baada ya yote haya, seva haina kosa. Studio hutunza nakala yake ya skima. Fungua sifa za muunganisho, sehemu ya skima, uipakie upya.