Kabla ya kununua programu ya kuchapa picha

Ndugu yangu, umeeleza kwamba picha za magofu ya Kaole unazochapa kwa printa ya wino hapo studio kwako Bagamoyo zinatoka na giza, kuta za matumbawe zikivuta rangi ya kijani, na unauliza kama ununue programu maalumu kama Qimage. Programu hiyo ni nzuri, ila tatizo lako linaelekea kuwa kwingine.

Kazi kubwa ya Qimage ni kuikuza picha ifikie idadi ya nukta inayotakiwa na printa, ambayo kwa nyingi za Epson ni 360 au 720 kwa inchi na kwa Canon 300 au 600, kisha kuinoa, yaani kuongeza ukali wa kingo zake, kulingana na ukubwa wa chapa. Hupanga pia picha kadhaa kwenye karatasi moja, hivyo kuokoa karatasi ya picha, ambayo si ya kuchezea.

Ukijani, kwa kawaida, hutokana na profaili ya ICC (faili linaloeleza jinsi printa inavyotoa rangi kwa karatasi na wino fulani) isiyolingana na karatasi na wino wako, au rangi kurekebishwa mara mbili, kwanza na programu unayochapia halafu na draiva, yaani programu ndogo inayoiendesha printa. Basi acha programu pekee isimamie rangi, uzime usimamizi huo kwenye draiva, na uchague humo aina ileile ya karatasi iliyomo kwenye trei. Chapa pia ukurasa wa kupima nozeli, vitundu vinavyotoa wino: mistari ya majenta (rangi ya waridi iliyokolea) ikikatika, kijani lazima kitawale, na hapo dawa ni kusafisha kichwa cha printa. Giza nalo mara nyingi hutokana na skrini iliyoongezwa mwanga kupita kiasi, inayokufanya uihariri picha ikiwa na giza mno. Punguza mwanga huo, kisha uhariri picha upya.